Tulimwambia Amesafiri

Habari za ukoo wake waulizeni wenye kupenda koo. Mimi najua alivyokunywa chai, alivyokasirika na alivyodarizi shingo ya kanzu, maana nilikaa naye chumba kimoja miaka kumi na moja pale Kasubi, yeye kwenye cherehani, mimi kwenye vifungo na pindo. Mtaa mzima ulimwita Fundi. Mafundi walikuwa wengi, lakini ukisema Fundi tu, bila kuongeza neno, hata mtoto mdogo alikuonyesha mlango wetu.

Dukani tulikuwa watatu. Fundi alishona na kudarizi. Mkataji alikata. Huyu mkataji alikuwa rafiki yake tangu ujana, Muganda, Mkatoliki, mwenye kitambi na kicheko cha kutikisa meza. Mimi nilimalizia. Wawili hao walibishana kutwa kucha, juu ya mpira, juu ya nguruwe, juu ya nani kaficha chaki. Mkataji akisema kanzu ni vazi la Waganda tangu dunia iumbwe, Fundi alisimamisha cherehani.

"Ebo! Babu yako alivaa magome ya mti mpaka babu yangu alipomletea kitambaa cha marekani."

"Na babu yako alifika na marekani yake hana pa kulala, tukampa kiwanja."

Kisha wanacheka na kugawana karanga. Nimeona ndoa nyingi, ya kwangu ikiwamo, lakini iliyotulia kama ile sijaiona.

Fundi alikuwa na maringo yake. Futi ya kupimia aliivaa shingoni kama pambo tu. Mteja akiingia, alimtazama mara moja, juu mpaka chini, akataja vipimo, na mkataji akamrukia mteja na futi ili amfumanie rafiki yake kakosea. Hakumfumania ila mara chache, na hizo mara chache Fundi alidai mteja kavuta pumzi. Alinigombeza nikichelewa dakika tano, naye mwenyewe akienda kuswali adhuhuri alirudi karibu na alasiri, kwa sababu njiani alimsalimia kila mtu na kuku wake. Alichukia kusifiwa, lakini usipomsifu alinuna. Alikuwa mtu, basi.

Jambo moja hakuwa na mchezo nalo, nalo ni mdomo. Zilikuwa zama za serikali ya jeshi. Mtu akiingia dukani akaanza kulalamika kwamba sukari hakuna, sabuni hakuna, na fulani hakuonekana tangu Jumanne, Fundi alimkata papo hapo: "Mikono mirefu au mifupi?" Yule akisema sizungumzii mikono, Fundi anarudia, "Nauliza, mirefu au mifupi?" Akishaondoka, Fundi hunigeukia: "Binti, hapa tunashona nguo. Mdomo huponza kichwa."

Sasa nifike pale nisipopenda kufika. Asubuhi moja yeye na mkataji walibeba furushi la kanzu za harusi kupeleka mjini kwa miguu. Njiani palikuwa na kizuizi cha askari. Yaliyotokea hapo hayakuonwa na mtu wa mtaani ila Fundi mwenyewe. Muuza mkaa alimkuta Fundi kando ya mtaro, kichwa kimepasuka nyuma ya sikio, kanzu nyeupe zimetapakaa matopeni. Mkataji hakuwepo. Hakurudi siku ile, wala kesho yake, wala tena. Hakuna aliyetuambia kitu na hakuna aliyeuliza, lakini mtaa mzima tulijua. Siku hizo mtu akichukuliwa tulisema "amesafiri", na msikilizaji aliinamisha kichwa akaelewa.

Fundi alilala hospitali ya Mulago, siku za kwanza bila kujitambua, kisha wiki mbili akijitambua nusu nusu. Akarudi nyumbani kwa miguu yake. Kidonda kimefunga, nywele zinaota juu yake. Mkewe, ambaye mimi nilimwita Shangazi kwa heshima tu, alichinja mbuzi. Tulikula, tukashukuru, tukasema Fundi kapona. Lo! Sisi tulikuwa tunatazama kidonda.

Yaliyofuata tulianza kwa kuyacheka. Alishona kanzu yenye mikono mitatu. Wallahi, mitatu, na kila mmoja umeshonwa vizuri, mshono hauna kosa. Mikono yake haikusahau kazi hata kidogo. Ukimpa shingo ya kanzu na uzi mwekundu, alidarizi kama zamani, labda vizuri zaidi. Kilichomshinda ni kujua kipi kinatangulia na kipi kinafuata. Na kwa kuwa mkataji hayupo, alitaka kukata mwenyewe, akakata jora zima la kitambaa vipande vya migongo mitupu. Kitambaa enzi zile kilikuwa adimu kuliko mvua ya Januari. Nilicheka mpaka nilipoona anautazama ule mrundo wa migongo, akitafuta mikono yake, na machozi yanamtoka.

Kisha chakula. Shangazi alikuwa mpishi wa kusifiwa na misikiti miwili. Fundi alikula pilau yake akasema, "Umepika maji." Kesho yake, "Umepika karatasi." Shangazi akaongeza chumvi, akaongeza bizari, mpaka sisi wengine chakula hakilikiki, naye bado anasema karatasi. Shangazi alinijia analia: "Ameniona nimezeeka. Anatafuta sababu ya kuoa." Na dukani aliacha pasi ya makaa juu ya kanzu ya mtu, moshi ukajaa chumba, nami nikaingia mbio kutoka uani. Yeye amekaa hatua mbili tu, anatunga uzi, hana habari.

Hasira zake ndizo zilizotutisha. Mtu aliyekuwa hata paka hamfukuzi alinitupia mkasi kwa sababu niliimba. Watoto wakipiga kelele nje, alijikunyata na kuziba masikio. Ikifika saa tano asubuhi alilala juu ya vitambaa, na wateja wakasema Fundi kawa mvivu, wengine wakasema anavuta bangi. Njia ya kutoka dukani kwenda nyumbani, aliyoipita maisha yake yote, siku moja ilimpeleka mpaka kwenye uzio wa makaburi ya wafalme, akasimama hapo anauliza wapita njia nyumba ya Fundi iko wapi.

Mimi ndiye niliyesema ni jini. Sitamsingizia mtu. Shangazi alikuwa bado anamsomea Fundi aya na kungoja, nikamwambia, "Shangazi, huyu si yeye. Hiki ni kitu kimemwingia pale mtaroni." Kwetu mtu akibadilika tabia ghafla, akachukia chakula cha mkewe, akapotea njia, hatusemi ana kichwa kibovu, tunauliza anataka nini aliyempanda. Nikamtafuta mganga mimi mwenyewe. Alikuja alasiri na watu wake wanne, tari mbili, ngoma moja na chetezo cha ubani.

Mungu anisamehe. Walimkalisha katikati ya chumba wakaanza kupiga. Fundi alipiga kelele tangu pigo la kwanza. Akajishika kichwa, akaingia chini ya meza ya kukatia, akatapika. Mganga akafurahi: "Linaanza kusema! Ongezeni!" Wakaongeza. Mimi nami nilikuwa napiga makofi. Nilimwona anatetemeka, macho yamegeuka, nikasema moyoni, alhamdulillahi, linatoka.

Aliyetuokoa ni mama mmoja wa Kikongo aliyeuza mikate ya kukaanga kwenye kona yetu. Tulimwita Mama wa Mikate. Alikimbia vita vya kwao na watoto na sufuria tu, Mkristo wa kuimba asubuhi mpaka jioni, na mpaka siku hiyo tulikuwa hatujamkaribisha ndani. Aliingia na mwiko wake wa mafuta mkononi, akampokonya mpigaji ngoma yake.

"Muache! Munamuua mutu!"

Mganga akamuuliza yeye ni nani kuingilia mambo ya watu.

"Miye ni mwenye kuona. Ndugu yangu alikuwaka vile vile. Gari ya mizigo ilimuangusha kule kwetu, kichwa ikagongwa. Huyu hana pepo. Kelele inamukata sawa na kisu, na nyinyi munamupigia ngoma!"

Alijilaza chali pale sakafuni kwenye matapishi, akaingia nusu mwili chini ya meza, akakaa na Fundi hivyo hivyo bila kusema neno mpaka alipotulia. Mganga akaondoka ananung'unika. Mama wa Mikate alipotoka, alimuuliza Shangazi swali moja: "Chakula, anasemaka haina tamu?" Shangazi akashtuka. "Basi pua yake ilikufa. Ndugu yangu naye. Si wewe, mama. Upishi yako iko muzuri, tunaisikia mpaka kwenye kona." Shangazi alimkumbatia, mwiko na mafuta na yote.

"Mficha maradhi, kilio humuumbua," Shangazi akaniambia jioni ile. Kesho yake tulimrudisha Mulago. Madaktari wengi walikuwa wamekwisha kimbia nchi, na foleni ilizunguka jengo, lakini tulimpata sista mmoja, muuguzi wa makamo, Muganda, mwenye macho ya kuchoka na mkono mwepesi. Alimuuliza Fundi mambo madogo madogo, akangoja kila jibu, hata likichukua dakika nzima. Sijawahi kuona mtu anangoja vile. Kisha akatugeukia.

"Bambi, nnyabo, pole mama. Kichwa ya mzee iko kama ndizi yenye naanguka. Ganda iko mzima, lakini ndani imeumia. Hii si pepo, si uvivu, si kiburi. Dawa ya kurudisha yote hakuna. Lakini nyinyi munaweza kusaidia."

Akatupa masharti. Kelele zipungue. Alale kila adhuhuri, na asiitwe mvivu. Apewe jambo moja, likiisha ndipo lije la pili. Apite njia ile ile kila siku, na mtu wa kumsindikiza. Awe na daftari, aandikiwe humo mambo ya siku, alisome kila asubuhi. Akikwama, awe na mtu mmoja wa kumuuliza, asiulize watu kumi wakamchanganya. Na mwisho akasema, "Siku ile aliumia, pengine hatakumbuka. Pengine ataona shimo kwa akili, ataziba na hadithi yenye haikuwa. Musimugombeze. Mumwambie ukweli polepole." Mtaona baadaye sisi tulichukua nusu gani ya maneno hayo.

Tulifanya kazi, nisijidharau kwa hilo. Muuza mkaa akawa msindikizaji wake. Imamu alimwekea nafasi ukutani, mbali na mlango. Watoto wa mtaa walihamisha mpira wao, na aliyesahau alikumbushwa na Mama wa Mikate kwa mwiko. Mimi nilijifunza kukata, na kila kipande nilikipa namba kwa chaki, moja, mbili, tatu, naye akashona kwa kufuata namba. Kanzu zikarudi kuwa na mikono miwili. Shangazi alipika kwa limau na pilipili, kwa sababu ulimi wa Fundi uliweza kuonja ukali, na siku Fundi aliposema, "Leo umepika chakula," Shangazi alitoka nje akapiga kigelegele peke yake. Daftari Fundi aliliandika mwenyewe kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wetu, na akikwama aliniuliza mimi. "Kichwa changu kiko kwa Binti," aliwaambia wateja, "mkitaka akili ongeeni naye." Alikuwa ameanza kutania tena. Nilikuwa na furaha jamani, siwezi kusema sikuwa nayo.

Lakini mdomo haukufunga. Yule bwana wa "mirefu au mifupi" alikuwa amekufa pale mtaroni, na aliyerudi alisema chochote kilichopita kichwani. Alimwambia imamu hotuba yake ndefu na ananuka jasho, ingawa pua hana. Hayo yalipita kwa kicheko. Lililotukausha mate ni jingine. Mara tatu, mara nne kwa siku, sindano mkononi, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Walimtia rafiki yangu kwenye buti la gari. Nikamshika mkono. Wakanipiga." Aliwaambia wateja. Aliwaambia watu kwenye foleni ya sukari. Katika foleni ile, na kila foleni, palikuwa na masikio ya serikali. Watu walichukuliwa kwa kukohoa vibaya, sembuse kwa kusema hivyo.

Dawa ya kwanza tuliipata kwa bahati. Siku moja alianza, na mzee mmoja kwa kuogopa akapaza sauti, "Mswalieni Mtume!" Fundi akaitikia, "Swallallahu alayhi wasallam," kama alivyozoea tangu utotoni, kwa sababu hayo hayakupotea hata herufi. Akishaitikia, uzi wa maneno ulikuwa umemkatikia. Mtaa ukajifunza. Fundi akifungua kinywa kuhusu gari, utasikia kutoka dirisha hili na lile, "Mswalieni Mtume!" Hata Mama wa Mikate, Mkristo yule, aliitoa kwa lafudhi yake ya Kikongo. Mgeni angedhani amefika mtaa wa mawalii.

Hiyo ilitufaa mpaka askari alipoingia dukani. Alikuja kuchukua kanzu yake ya Idi, kijana mrefu, kofia mkononi kwa adabu. "Mzee, kanzu yangu natoka leo?" Fundi alimtazama juu mpaka chini. Akaweka sindano.

"Ninyi ndio mliomtia rafiki yangu kwenye buti la gari."

"Mswalieni Mtume!" nilipiga ukelele. Fundi akaitikia. Na askari, Mwislamu yule, akaitikia naye. Lakini askari hakuwa amepigwa kichwani, hakusahau kitu.

"Huyu mzee nasema nini?"

"Afande, aliumia kichwa. Mulago wanamjua. Anasema ovyo."

"Mimi nauliza yeye." Akamsogelea. "Mzee, rafiki yako iko wapi?"

Fundi alinigeukia mimi, kama tulivyomfundisha afanye akikwama, na uso wake ulikuwa na imani yote. "Binti, mkataji yuko wapi?"

"Amesafiri, Fundi. Amekwenda Mombasa kutafuta kitambaa."

"Amesafiri?"

"Amesafiri. Umesahau."

Nilimwona anakwenda ndani ya kichwa chake kutafuta, na nilimwona anaporudi mikono mitupu. "Samahani, afande," akasema. "Kichwa changu kibovu. Amesafiri." Askari akacheka, akampa pole, akachukua kanzu yake akaenda zake. Mimi nikakaa juu ya mrundo wa vitambaa.

Uongo ule uliokoa roho yake, na yangu, na pengine ya mtaa mzima. Ningeulizwa tena leo na askari amesimama pale, ningesema vile vile. Laiti ningekomea hapo. Jioni ile nilichukua daftari lake nikaandika ukurasa wa kwanza, kwa herufi zake: Mkataji amesafiri, yuko Mombasa, hajambo. Akalisoma asubuhi. Akalisoma kila asubuhi. Daftari likijaa, niliandika maneno yale yale mwanzo wa daftari jipya. Akisema gari, tulimwambia, wote, kwa upole, Fundi, sista alisema kichwa chako kitaziba mashimo kwa hadithi. Hilo la kumwambia ukweli polepole hatukulitaja.

Na mke wa mkataji tulimfungia mlango. Alikuja kila Ijumaa, gomesi yake, lile gauni la Kiganda, imenyooshwa vizuri, kuuliza kama Fundi kakumbuka chochote, kwa sababu yeye ndiye mtu wa mwisho kuwa na mumewe. Tulijua akimwona tu, Fundi atasema, naye mama yule atalia, na majirani watauliza analilia nini. Nilimzuia mlangoni kila mara. "Amelala, mama." Fundi akisikia sauti anauliza nani huyo, mimi najibu ni muuza ndizi. Mwisho aliacha kuja, akahamia Bukoto kwa dada yake. Nilisema afadhali.

Baada ya mwaka au zaidi Fundi aliacha kusema habari za gari. Tulipongezana, tukasema ametulia. Kweli alitulia, lakini hata mambo ya kawaida hakuthubutu tena kuyasema mwenyewe. Mtu akimuuliza kama leo mvua imenyesha, aligeuka kwangu kwanza, na nguo yake imelowa.

Mimi niliolewa nikahamia Masaka, kisha vita vikaja, serikali ya jeshi ikaanguka. Ilichukua miezi kabla sijapata njia ya kurudi Kasubi. Nilimkuta barazani kwake na kanzu magotini, anadarizi. Jina langu hakulipata. "Binti," akasema, hilo hakulikosa, akanisogezea mkeka. Shangazi alileta chai bila sukari. Barabarani vijana walikuwa wanapita wakimtukana mkubwa aliyekimbia, kwa sauti, na wanacheka. Fundi aliziba kinywa chake kwa kiganja, kana kwamba ni yeye anayetukana.

"Watasikiwa!"

"Waache wasikiwe, Fundi. Amekimbia. Wote wamekimbia. Sasa mtu anasema atakalo."

"Lolote?"

"Lolote."

Alishona mishono mitatu, minne. "Basi nikuulize neno. Usinigombeze."

"Siwezi kukugombeza."

"Mkataji hajarudi tu kutoka Mombasa?"

Shangazi alisita na birika mkononi. Nilikuwa nimekuja kumwomba radhi kwa zile ngoma, maneno nimeyapanga tangu Masaka. Hili sikuwa nimelipanga.

"Hakwenda Mombasa, Fundi."

"Hakusafiri?"

"Hakusafiri. Walimchukua."

"Walimtia kwenye buti la gari," alisema, polepole, na macho yananitazama kama nitamkataza. "Gari jeupe."

"Mimi sikuwepo, Fundi. Wewe ndiye uliyekuwepo."

Aliweka kanzu chini. "Kumbe nilikuwa nakumbuka," akasema. Hakukasirika. Laiti angenitupia mkasi. "Kila asubuhi naliona lile gari, kisha nasoma kwamba amesafiri. Nasema, audhubillahi, kichwa gani hiki kinachowazulia watu. Nikaacha kukiamini katika kila kitu."

"Tulitaka uishi," Shangazi akasema, na machozi yanamtoka.

"Nimeishi," akasema, akamshika mkono. Kisha akaniuliza, "Mkewe amepewa pole?"

Nikamwambia hapana, hakuna aliyempa pole, maana ukimpa mtu pole umekiri kwamba kuna maiti. Akaomba kofia yake.

Tulipanda teksi mpaka Bukoto. Njia nzima alikuwa ananong'ona, na nilipofungua mdomo alinibana mkono: "Usinisemeshe, yatanitoka." Mke wa mkataji tulimkuta uani, anachambua maharagwe kwenye ungo, amekonda, nywele zimekuwa nyeupe. Mimi alinitazama kama unavyomtazama mtu aliyekufungia mlango. Kwa Waganda, mtu hafiki nyumbani kwa mwenziwe akasema neno kabla ya salamu, na salamu zao ni ndefu. Fundi alisimama mbele yake akasema bila salamu:

"Mama, mimi nilikuwepo. Walimchukua kizuizini asubuhi. Gari lilikuwa jeupe. Nilimshika mkono, ndipo wakanipiga. Alisema, Fundi, mwambie mama watoto asiningojee chakula." Akavuta pumzi. "Basi. Hujambo, mama?"

Yule mama hakuitikia. "Rudia," akasema. Fundi akarudia, neno kwa neno.

"Alivaa nini?"

"Shati la kijani. Kifungo cha tatu cheusi. Binti alikosa rangi yake."

Kifungo kile nilikishona mimi jioni ya kuamkia safari yao ya mjini, na hakuna mtu niliyewahi kumwambia. Mama yule aliweka ungo chini taratibu, maharagwe yasimwagike.

"Nilimngojea," akasema. "Siku ile nilimngojea mpaka jua likazama, na kesho yake nikapika tena. Miaka yote natafuta mtu mmoja aniambie alimwona."

Kisha akaweka mikono yote miwili kichwani, akalia kwa sauti, kilio kile wanachomlilia maiti. Fundi alikaa chini kando yake juu ya udongo, akakunja miguu. Milango ya majirani ikafunguka mmoja mmoja. Mwanamke mmoja alikuja mbio, anafunga kitambaa kiunoni, akauliza nani amekufa.

"Mume wangu," alisema.

Wakaanza kuleta mikeka.